Kutoka Bariadi hadi Kwenye Matumbawe: Matayarisho ya Anayekwenda Snokeli kwa Mara ya Kwanza

Mtu wa Bariadi akisema anatamani kuingia majini akawaone samaki wakiwa kwao, wa kwanza kumsikia atamwelekeza Lamadi. Si ajabu, maana Simiyu ina ziwa: Wilaya ya Busega inapakana na Ghuba ya Speke, na lami inafika. Lakini kwa kazi hii, Ziwa Victoria silo. Maji ya kandokando yake ni ya kijani, na mvua zikinyesha mito inayashushia tope. Unyooshe mkono ndani yake, vidole vyako mwenyewe huvioni vizuri. Furu wa aina nyingi waliokuwa fahari ya ziwa hili walitoweka baada ya sangara kupandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mamba na viboko wapo. Na hata ungevumilia hayo yote, kuna kichocho.

Kichocho hakihitaji umeze maji. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini, hasa jua linapokuwa kali kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kisha hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Huku kwetu kiko cha aina mbili: cha tumbo, kinachotawala kando ya ziwa, na cha mkojo, ambacho watoto wa Bariadi, Itilima na Maswa hukipata kwenye malambo na vijito. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukushauri ukafanyie mazoezi ya kuogelea lamboni. Kama umekulia kwenye maji hayo, nenda kituo cha afya upime. Dawa yake, praziquantel, ipo na inatibu. Konokono wanaobeba kichocho hawaishi kwenye maji ya chumvi, ndiyo maana bahari haina ugonjwa huo.

Safari yenyewe ni hii: boti inakupeleka kwenye mwamba wa matumbawe, unavaa miwani inayofunika macho na pua, unauma mrija wa kupumulia, unalala kifudifudi juu ya maji na kutazama chini. Wanaosafirisha watu Unguja huiita snokeli, nami nitaiita hivyo. Haihitaji mtungi wa hewa wala cheti. Haihitaji hata kujua kuogelea vizuri, ilimradi ukubali kuvaa jaketi okozi na kuongozwa. Nimeona watu wanaoelea vizuri kabisa wakikatisha safari kwa hofu, na wengine waliokuwa hawajawahi kulowa zaidi ya magoti wakimaliza saa nzima wakiwa watulivu. Mara nyingi tofauti ilikuwa maandalizi ya kabla ya kupanda basi.

Anza na kalenda, kwa sababu hapo ndipo watu wa mkoa wetu hukosea kwa urahisi. Fedha ya pamba huingia baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa, kuanzia Mei au Juni, na wengi hupanga matembezi ya Julai na Agosti. Miezi hiyo ndiyo kusi inapovuma kwa nguvu. Bahari huchafuka, boti ya kwenda Unguja hurusha abiria, na upande wa mashariki wa kisiwa maji huwa na mawimbi. Ukiweza kuiweka fedha hiyo hadi Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, upepo unapopungua kabla ya kaskazi kuanza, utaikuta bahari imetulia na maji ni maangavu. Desemba hadi Februari pia ni wakati mzuri, ingawa bei hupanda kwa wingi wa wageni. Machi mwishoni hadi Mei kuna masika, usijisumbue. Kama huna budi kwenda Julai, chagua sehemu zilizokingwa na kisiwa, kama zile zilizo mbele ya Mji Mkongwe, na fuatilia tahadhari za upepo na mawimbi zinazotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Baada ya mwezi, tazama mwandamo. Mwezi ukiwa mpevu au mpya huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa na nguvu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo umelegea. Mgeni wa bahari achague maji mafu. Saa za kujaa na kupwa nazo husogea kila siku, ndiyo sababu mwenye boti hawezi kukuahidi saa ile ile ya kuondoka kwa wiki nzima. Akikwambia leo saa mbili na kesho saa tatu, hakubabaishi, anafuata maji. Anayepaswa kukutia shaka ni yule asiyeuliza maji yakoje.

Sasa wapi. Mnemba, kaskazini-mashariki mwa Unguja, ndiyo jina utakalolisikia kwanza. Mwamba wake ni mzuri kweli, lakini kisiwa chenyewe ni cha hoteli, hamshuki, na msimu wa wageni boti hujazana hapo kama daladala stendi. Ukienda, ondoka Matemwe mapema kabla ya boti za Nungwi kufika. Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kuna mnara wa taa wa mwaka 1904 na mwamba uliohifadhiwa tangu 1994. Idadi ya wageni kwa siku ni ndogo na gharama ni kubwa, ila ukitaka kujifunza na si kupiga picha tu, ningekupeleka huko. Kizimkazi watakuuzia safari ya pomboo. Mimi siipendi: boti kadhaa kuwafukuza wanyama watano, watu wakirukia maji kila wanapoibuka.

Mafia ni habari nyingine. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa 1995, ndiyo ya kwanza nchini, na Ghuba ya Chole ina maji yaliyokingwa yanayomfaa anayeanza. Oktoba hadi Machi papa potwe husogea karibu na Kilindoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani na chakula chake ni vijidudu na visamaki, hivyo hana habari na wewe; kaa ubavuni mwake, usimguse, usimzibie njia. Kufika Mafia ni ndege kutoka Dar es Salaam, au boti kutoka Nyamisati.

Asiyetaka kuvuka mbali ana Mbudya na Bongoyo, visiwa viwili vya Dar es Salaam vilivyotengwa tangu 1975, dakika chache kwa boti kutoka Kunduchi na Msasani. Maji si maangavu kama ya Mafia, lakini ni shule nzuri ya siku moja. Pangani kuna Maziwe, fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Na kwa anayeona pwani ni mbali mno, Kigoma: Ziwa Tanganyika lina maji maangavu na samaki wadogo wa mawe wenye rangi za ajabu. Huko waulize wenyeji juu ya mamba na kichocho kabla ya kuingia, maana si kila ufukwe ni salama.

Kutoka Bariadi, njia ya nafuu ni basi kupitia Maswa, Shinyanga na Singida hadi Dodoma, na tangu 2024 kutoka Dodoma unaweza kupanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam badala ya kumalizia usiku kwenye kiti cha basi. Wenye haraka hushuka Mwanza kupanda ndege. Boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua saa mbili hivi. Beba kitambulisho cha taifa, si picha yake kwenye simu. Viingilio vya hifadhi kwa wananchi ni tofauti na vya wageni, na asiyeonyesha kitambulisho huweza kutozwa kama mgeni.

Ufukweni utapokelewa na mapapasi, vijana wanaokupeleka kwa boti isiyo yao kwa bei ya kuotea. Wapo waungwana kati yao, lakini mkataba wako uwe na mwenye boti. Muulize bei ni ya mtu mmoja au ya boti nzima, kiingilio cha hifadhi kimo au hakimo, vifaa na chakula vimo au havimo, na nani ataingia majini nawe. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Nahodha anayebaki kwenye usukani hawezi kukuongoza. Unataka mtu mwingine, aliyevaa mapezi, mwenye boya la duara ambalo asiyejua kuogelea atalishika huku akikokotwa taratibu. Uliza atakuwa na watu wangapi. Zaidi ya wanne au watano wasiojua kuogelea kwa mwongozaji mmoja, tafuta boti nyingine.

Kabla ya kulipa, nenda ukaione boti. Hesabu majaketi kwa vidole, uone kama kamba na vifungo vyake ni vizima na kama yapo ya watoto. Tazama kama kuna redio au simu yenye chaji, maji ya kunywa na boksi la huduma ya kwanza. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kuambiwa mara mbili: kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimekaribia kabisa gati la Ukara, kimejaza kupita uwezo, na zaidi ya watu 220 wakafa. Jaketi livaliwe tangu kupanda. Likifungiwa chini ya benchi halimsaidii mtu.

Mwili nao uandaliwe nyumbani. Jaza beseni maji safi, vaa miwani na mrija kama umeweza kuvipata, inama uso ukiwa majini, na upumue kwa mdomo tu, pole pole, kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Dakika za mwanzo kifua kitakataa. Rudia jioni kadhaa hadi kizoee. Ukipata nafasi Mwanza, lipia bwawa la kuogelea la hoteli ujifunze kuelea chali. Mwenye pumu, kifafa, presha isiyotulia, tatizo la moyo au sikio linalouma amwone daktari kwanza. Nawataja kwa makusudi wenye selimundu, ugonjwa ulioenea kanda yetu kuliko sehemu nyingi za nchi: baridi na kukaukiwa maji mwilini huweza kuamsha maumivu, kwa hiyo daktari ashirikishwe, maji yanywewe kwa wingi, na muda wa kukaa majini uwe mfupi.

Miwani hupimwa hivi: iweke usoni bila kupitisha mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mkono. Ikibaki imeng'ang'ania, ni saizi yako. Ikidondoka, omba nyingine. Ndevu za juu ya mdomo na nywele zinazoingia ukingoni hupitisha maji; mwenye hijabu avae kofia ya kubana chini yake na ahakikishe ukingo wa miwani umegusa ngozi tupu pande zote. Taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu ni vazi la heshima na pia kinga ya jua, kwa sababu anayeelea kifudifudi huungua mgongo na nyuma ya magoti bila kujua. Ili kioo kisifanye ukungu, kitemee mate, kisugue, kisuuze. Wapiga mbizi wengi hufanya hivyo, usione haya.

Asubuhi ya safari kula kidogo, kisicho na mafuta. Anayetapika kwenye gari ameze dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, akae katikati ya boti na atazame mbali. Mkifika, msikilize mwongozaji akieleza ishara: kwa kawaida mkono ulionyooshwa juu na kupungwa ni kuomba msaada. Shuka kwa ngazi, usiruke. Shika ngazi kwanza, ingiza uso, vuta pumzi kumi, ndipo uachie. Maji yakiingia kwenye mrija, yapulize kwa nguvu yatoke juu, usivute. Ukiogopa, geuka chali, jaketi litakubeba. Usishindane na mtu kubana pumzi na kuzama, kwani watu hupoteza fahamu majini bila dalili.

Chini utaona pono wakimega mwamba kwa meno, sauti yake ikisikika kabisa masikioni, na pengine mkunga akichungulia kwenye tundu. Mkunga mwache. Jiwe la tumbawe unaloliona ni kundi la wanyama hai, na teke moja la pezi huvunja kilichojengwa kwa miaka. Miamba mingi ya pwani yetu iliwahi kupauka na kufa kwa joto la maji la El Niño ya 1998, mingine ikavunjwa na baruti za wavuvi haramu. Basi usisimame juu yake hata ukichoka; shika boya. Nahodha anayetupa nanga juu ya matumbawe, mwambie, na boti yake usiirudie.

Ukichomwa na miiba ya nungu wa baharini au na samaki mwenye sumu, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha nenda hospitali, hasa ukiishiwa pumzi au uvimbe ukipanda. Konyeza, yule mnyama laini anayeelea baharini, akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba. Mkwaruzo wa tumbawe uoshe kwa sabuni na maji safi siku hiyo hiyo, maana huoza haraka.

Jioni utafuatwa na wauza kombe na vipande vya matumbawe. Usinunue. Matumbawe na baadhi ya kombe hulindwa na sheria, na unaweza kunyang'anywa ukikaguliwa safarini. Tena baragumu, lile kombe kubwa ambalo kila mtu hulitaka sebuleni, mwenyewe akiwa hai humla kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayetafuna matumbawe.