Makaa Mekundu na Mwendo Usioonekana



Kijana wetu atokaye pwani akapanga chumba Kahawa Wendani, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, hukutana na baridi asiyoizoea. Mwezi wa Julai hufunga dirisha, akaingiza jiko la makaa ndani. Makaa yakisha kuwa mekundu na moshi umekoma, husema: "Sasa hapana hatari." Neno hili yatupasa tulipime kwa elimu.

Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Uskochi, alitazama kwa hadubini vijichembe vya chavua vikielea majini. Akaviona vyatikisika huku na huku, wala havipumziki. Je, vina uhai? Hakukata shauri kwa kudhani. Alisaga mawe, hata kimega cha Sphinx ya Misri, akautia unga wake majini; nao ukatikisika vile vile. Basi sababu si uhai.

Mwaka 1905 Albert Einstein aliieleza sababu kwa hesabu: molekuli za maji, zisizoonekana kwa udogo wake, haziachi kwenda mbio, nazo huzipiga chembe kutoka kila upande. Jean Perrin wa Ufaransa akaanza kupima mwaka 1908, akathibitisha. Na mwaka 1926 akapewa Tuzo ya Nobel.

Hewa nayo ni hivyo hivyo. Molekuli zake zagongana daima, na gesi yo yote iingiayo ndani yake huchanganyika nayo. Ndiyo maana udi ukifukizwa ukumbini, harufu hufika hata chumba cha ndani.

Sasa turudi kwenye jiko. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haitui sakafuni kama vumbi, wala haibaki pale jikoni. Huenea chumba kizima. Mwenye kuivuta, hushika katika damu yake mahali pa oksijeni. Aliyelala haamshwi nayo, na huenda asiamke tena.

Basi kukoma kwa moshi si dalili ya salama. Dirisha wazi hupunguza hatari, haliiondoi. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, na baridi ikabiliwe kwa blanketi. Twawaomba wazazi wenye watoto huko bara wawafikishie maneno haya kabla ya Julai.