Jasi, Klova na Samadi: Udongo Uliochoka Hupona Vipi?

Kaunti ya Loudoun, Virginia, ulipo mji wa Sterling jirani na Washington, D.C., leo imejaa nyumba na barabara. Mwishoni mwa karne ya 18 ilikuwa mashamba yaliyochoshwa na tumbaku na mahindi. Mkulima wa huko, John Alexander Binns, alianza kujaribu unga wa jasi mwaka 1784, na mwaka 1803 akachapisha kitabu. Maelekezo yake: lima kwa kina, nyunyiza jasi, panda klova. Kwa nini yalifaa?

Tuanze na mmea. Sehemu kubwa ya mwili wake hutokana na hewa na maji. Udongo huchangia kidogo tu, lakini kidogo hicho hakina mbadala: nitrojeni, fosforasi, potasiamu, salfa, kalsiamu. Kila gunia la mavuno linalouzwa huondoka na madini hayo. Basi swali la msingi ni hili: kilichoondoka kitarudi kwa njia gani?

Nitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, ila atomu zake zimeshikamana mbilimbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya mikunde, klova ikiwemo, huweza. Mmea nao huwalisha sukari. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walithibitisha jambo hili miaka ya 1880, Binns akiwa amekwisha kufariki.

Lakini klova yenyewe hudhoofu penye upungufu wa salfa, kwani protini zinazonasa nitrojeni huihitaji. Jasi ina kalsiamu na salfa. Kwa hiyo jasi iliilisha klova, na klova ikaulisha udongo.

Hapo mifugo huingia. Ng'ombe akila mikunde, nitrojeni nyingi hutoka katika kinyesi na mkojo. Samadi ikiachwa juani na mvuani, nitrojeni hiyo hupotea, hivyo ifunike. Kumbuka pia kwamba ng'ombe haumbi madini, huyahamisha tu. Fosforasi ikikosekana shambani, lazima itoke nje, kama ile ya mwamba wa Minjingu, Manyara, Tanzania. Na udongo ukiwa na tindikali, jasi haitaiondoa. Hiyo ni kazi ya chokaa.

Mwenye eka moja afuate mpangilio huu: apime udongo, azibe pengo lililoonekana, apande kunde au fiwi, kisha mifugo irudishe shambani ilichokula. Akinunua ng'ombe kabla ya kujua kinachopungua, atakuwa anazungusha umaskini uleule.