Kupe wa Masikio na Sababu ya Kuogesha Kila Juma

Wafanya kazi wengi wa viwanda vya Industrial Area, Nairobi, hulala mjini, lakini mali yao iko mashambani: ng'ombe wawili watatu wanaotunzwa na mke au na mzee. Habari ikija kwamba fedha za josho zatakiwa tena, mwenye mshahara huuliza, "Si waliogeshwa juma lililopita?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake limo katika mwili wa kupe.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni ndigana kali, ambayo Wamasai huiita oltikana. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, Theileria parva, kichukuliwacho na kupe wa kahawia apendaye masikio. Kupe huyu hupanda mnyama mara tatu maishani mwake, na kila akishiba huanguka majanini. Akinyonya kwa ng'ombe mgonjwa angali mdogo, humwambukiza yule ampandaye baadaye. Lakini hamwambukizi papo hapo. Vijidudu vilivyo katika mate yake havikomai mpaka anyonye siku tatu au nne hivi. Dawa ikimkuta kabla ya hapo, hufa bila kuleta hasara. Juma moja likirukwa, amepata nafasi yake. Na dawa iliyozidishwa maji ili itoshe ng'ombe wengi haifai kitu.

Ng'ombe aliyeambukizwa huvimba tezi chini ya sikio na mbele ya bega, hushikwa na homa, hukohoa, na mwishoni hutoka povu puani. Wengi hufa katika majuma mawili au matatu. Dawa ya kutibu ipo, lakini ni ghali, nayo husaidia ikiwahi.

Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe mara nyingi huugua, akapona, akabaki na kinga. Ng'ombe wa gredi aliyenunuliwa kwa akiba ya miaka mingi hana kinga hiyo, naye ndiye afaye kwanza.

Chanjo ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, katika miaka ya 1970. Ng'ombe hudungwa vijidudu vilivyo hai pamoja na dawa ya kuvipunguza nguvu, mara moja tu. Hata hivyo haizuii ndigana baridi wala ugonjwa wa mkojo mwekundu, ambao pia huletwa na kupe. Aliyechanjwa huendelea kuogeshwa, na bwana mifugo ndiye asemaye siku ngapi zipite kati ya josho na josho.