Dakika Tano Zinazoonekana: Jinsi ya Kuchagua Kipima Muda cha Mtoto Mdogo

Somo la wazazi, walezi na walimu wa chekechea

Mama anaita kutoka jikoni: "Dakika tano tu, halafu tunazima televisheni ukaoge." Mtoto wa miaka minne anaitikia, "Sawa, mama." Dakika tano zinapita, televisheni inazimwa, na kilio kinaanza. Mama anaona mtoto amekuwa mkaidi. Mtoto anaona ameonewa. Ukitazama vizuri, hakuna mwenye kosa kubwa. Mama alikuwa na saa ukutani. Mtoto hakuwa na kitu chochote cha kumwonyesha kwamba muda unaisha.

Katika chekechea mambo ni yale yale. Mwalimu anasema, "Tumalize kuchora, tunaenda uwanjani." Watoto kumi wanasimama, kumi wanaendelea kuchora, wawili wanalia. Mwalimu anapandisha sauti. Kila siku darasa linapoteza muda kwa kuhama tu kutoka shughuli moja hadi nyingine, na ikumbukwe kwamba kipindi cha PP1 na PP2 ni dakika 30 pekee.

Kifaa kinachosaidia hapa kinaitwa kipima muda cha kuona. Kinamwezesha mtoto kuuona muda ukipungua kwa macho yake, bila kuhesabu wala kusoma saa. Kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto, tumeona somo hili liwafikie wote wanaolea watoto nyumbani na darasani.

KWA NINI SAA YA UKUTANI HAITOSHI

Mtoto wa PP1 anaweza kuimba moja hadi kumi bila kukosea, lakini hajui kama dakika tano ni ndefu au fupi. Kwake, "dakika tano" ni maneno tu. Tena sisi watu wazima tunamchanganya: leo dakika tano ni mbili kwa sababu tuna haraka, kesho ni ishirini kwa sababu jirani amepita na mazungumzo yamenoga.

Kuna ugumu mwingine ulio wetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Mshale mfupi wa saa unaelekea 9, nasi tunasema ni saa tatu. Unaelekea 1, tunasema saa saba. Mtu mzima hasumbuki, maana tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Lakini mtoto anayejifunza namba anaona 9 na kusikia tatu. Atakuja kuelewa baadaye. Kwa sasa anahitaji kitu kisicho na namba: kilichojaa kikaisha, au kikubwa kikawa kidogo.

AINA ZINAZOPATIKANA

1. Chupa ya mchanga. Mchanga unashuka kutoka juu hadi chini. Mtoto wa miaka miwili au mitatu anaielewa mara moja: mchanga ukiisha, muda umeisha. Haina betri wala kelele. Upungufu wake ni kwamba kila chupa ina muda wake mmoja, kwa mfano dakika 1, 3 au 5, na haiwezi kubadilishwa.

2. Duara la rangi. Hili lina uso kama wa saa. Unavuta kipande cha rangi hadi dakika unazotaka, nacho kinapungua polepole mpaka kinatoweka. Aina hii ilibuniwa mwaka 1994 na Jan Rogers, mama wa mjini Cincinnati, Marekani, ambaye binti yake wa miaka minne alikuwa akimuuliza kila mara ni muda gani umebaki. Leo watengenezaji ni wengi. Linafaa shughuli nyingi kwa sababu muda wake unapangwa upya kila mara.

3. Kipima muda cha jikoni cha kukaza kwa mkono. Hakitumii betri, na kinalia kengele mwishoni. Lakini vingi vinaonyesha namba tu, na mlio wake wa tik-tik huwakera baadhi ya watoto. Ukitaka dakika chache, zungusha kwanza kupita dakika 10 kisha urudishe, la sivyo huenda kisiende sawa.

4. Simu. Wengi wetu tunayo tayari, na zipo programu zinazoonyesha duara linalopungua. Tatizo ni kwamba kwa mtoto, simu ni kifaa cha kuchezea. Ukiiweka mbele yake ili imwonyeshe mwisho wa katuni, unaanzisha ugomvi mwingine. Ukitumia simu, iwe mbali na mkono wake, na ujumbe na simu zinazoingia zizimwe sauti.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

Je, mtoto anaweza kukisoma bila msaada? Kiwashe mbele yake kwa dakika moja, kisha muulize: "Bado nyingi au kidogo?" Akijibu kwa kutazama kifaa, kinamfaa. Akikutazama wewe usoni, bado hakijamfaa, hata kama kinapendeza.

Je, kinaonekana kutoka mbali? Kifaa kinachoenea kiganjani kinatosha mezani nyumbani. Darasani, kaa kwenye mkeka wa nyuma kabisa, kwa urefu wa mtoto, uangalie. Kisipoonekana kutoka hapo, watoto wa nyuma watabaki kusikiliza sauti yako tu, na umerudi ulikoanzia.

Je, kinaisha vipi? Mlio mkali huwashtua watoto, hasa wale wanaosumbuliwa na kelele. Chagua chenye mlio mpole, au kinachoweza kuzimwa sauti.

Je, ni salama? Hili ndilo swali la kuuliza kwa makini kuliko yote. Vipima muda vidogo vingi hutumia betri bapa za mviringo, zinazofanana na kifungo cha shati. Mtoto akiimeza moja na ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili. Nunua kifaa ambacho mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu, au kinachotumia betri za kawaida kama za tochi ndogo. Ukishuku mtoto amemeza betri, usimtapishe na usimpe chakula. Mkimbize hospitali, hata kama haonyeshi maumivu. Epuka pia chupa za mchanga za kioo.

Je, kitadumu? Uliza kama betri zake zinapatikana dukani mtaani. Kidondoshe kwa makusudi kutoka urefu wa goti, muuzaji akikuruhusu. Kwa mikono ya watoto, kitadondoka kila siku.

TENGENEZA CHAKO NYUMBANI

Huhitaji kununua ili kuanza. Tafuta chupa mbili za plastiki za nusu lita zinazopitisha mwanga, pamoja na vifuniko vyake. Zikaushe kabisa.

Gundisha vifuniko mgongo kwa mgongo kwa gundi kali, na uache vikauke. Mtu mzima apashe msumari moto, na akiwa nje penye hewa atoboe tundu moja katikati, lipite vifuniko vyote viwili. Upana wa milimita 3 hivi unatosha, yaani kama mrija wa wino ulio ndani ya kalamu. Kisha zungushia utepe imara.

Chukua mchanga mwembamba, uukaushe kwenye sufuria motoni, uache upoe, halafu uchuje kwa kichungi cha chai. Mchanga wenye unyevu huziba tundu. Usitumie chumvi, kwani huvuta unyevu hewani, hasa maeneo ya pwani na ya ziwa. Tia mchanga katika chupa moja, funga vifuniko ulivyounganisha, kisha funga chupa tupu juu yake. Geuza.

Sasa pima kwa saa ya simu. Mchanga una tabia nzuri: hushuka kwa kasi ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Maji hayako hivyo. Yakipungua kwenye chombo, hutiririka polepole zaidi. Kwa hiyo ukiona mchanga wote umeshuka kwa dakika 4 nawe unataka 2, punguza nusu yake. Ukikwama njiani, panua tundu kidogo sana. Ukimaliza, andika dakika zake ubavuni, na ukague utepe kila wiki usije ukafunguka.

Mwalimu anaweza kutengeneza chupa tatu, za dakika 1, 2 na 5, kila moja ikiwa na utepe wa rangi yake. Chupa ya dakika 2 inafaa kupigia mswaki, kwani huo ndio muda unaoshauriwa wa kusugua meno.

MUDA GANI UNAFAA?

Huu ni mwongozo wa kuanzia. Mtazame mtoto wako, ubadilishe inavyohitajika.

Miaka 2 hadi 3: dakika 1 hadi 3, kwa chupa ya mchanga.
Miaka 4 hadi 5 (PP1 na PP2): dakika 5 hadi 10, kwa chupa au duara la rangi.
Miaka 6 hadi 8 (Gredi ya 1 hadi 3): hadi dakika 20, kwa duara lenye rangi pamoja na namba, ili aanze kuhusisha hizo mbili.

Jambo la saa nzima, kama safari au kumsubiri baba arudi kazini, usilipime kwa kifaa hiki. Ligawe: "Tutakula, tutaoga, halafu baba atafika."

Kwa televisheni na simu, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Anzisha duara la rangi zikiwa zimebaki dakika 10 kabla ya kuzima, si kuanzia mwanzo.

NAMNA YA KUKITUMIA

Anza na jambo la furaha. Siku ya kwanza, kitumie kusubiri uji upoe au zamu ya bembea. Kikija mara ya kwanza kukatiza mchezo, mtoto atakichukia.

Sema maneno machache na yale yale kila siku: "Mchanga ukiisha, tunanawa mikono." Mwache mtoto mwenyewe ageuze chupa. Muda ukikaribia kwisha, mwonyeshe kwa kidole bila kelele.

Kisha timiza. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mchanga umeisha, mtoto analia, nawe unaigeuza chupa tena ili anyamaze. Umemfundisha kwamba kilio kinaongeza dakika. Ukitaka kumwongezea, amua kabla muda haujaisha na umwambie sababu: "Mnara wako umebaki kidogo, tunaongeza dakika moja." Vilevile, ukiahidi kumpa zamu muda ukiisha, mpe hapo hapo, hata kama uko kwenye simu. Kifaa hiki kinamfunga mtu mzima sawasawa na kinavyomfunga mtoto, na mtoto hukiamini pale anapoona hata wewe unakitii.

Usikifanye fimbo. Kisitumike kumharakisha mtoto kula, kumkalisha chooni, wala kumpa adhabu. Mtoto anayekimbizwa na saa mezani hatafuni vizuri.

WATOTO WENYE MAHITAJI MAALUM

Kwa baadhi ya watoto, kifaa hiki ni zaidi ya urahisi. Mtoto mwenye usonji anaweza kuteseka sana shughuli inapobadilika ghafla. Kuuona mwisho ukija humpa nafasi ya kujiandaa. Mtoto asiyesikia hukosa kila onyo linalotolewa kwa sauti, kwa hiyo kwake duara la rangi ndilo tangazo. Mtoto asiyeona anahitaji kinyume chake: kipima muda chenye mlio au mtetemo, pamoja na mkono wa mwalimu begani. Kwa mtoto asiyetofautisha nyekundu na kijani, chagua rangi nzito juu ya uso mweupe.

Ikiwa mtoto wako anapata taabu kubwa kila siku hata baada ya wiki kadhaa za kutumia kifaa hiki, zungumza na mwalimu wake, kisha mpeleke katika kituo cha EARC kilicho karibu, ambako watoto hutathminiwa na wazazi hushauriwa kuhusu elimu maalum.

ZOEZI LA WIKI HII

Chagua jambo moja tu linaloleta kilio nyumbani kwako au darasani mwako. Siku mbili za kwanza usibadilishe kitu. Hesabu tu ni mara ngapi unarudia agizo lako. Siku tatu zinazofuata, tumia kipima muda kwa jambo hilo moja, na uhesabu tena. Linganisha. Idadi ikipungua, endelea hivyo hivyo kabla ya kuongeza jambo la pili. Isipopungua, rudi kwenye lile swali la kwanza: mtoto akiulizwa muda uliobaki, anakitazama kifaa, au anakutazama wewe?