Kambi ni mji: tupime upya mazoea ya kijijini

Wengi wetu tulikulia kijijini. Jirani alikaa ng'ambo ya shamba, maji yalitoka kwenye chemchemi, na mtoto akijisaidia nyuma ya migomba hakuna aliyesema neno. Watu wakibishana wapi ni pazuri kuishi, wa kijijini husifu nafasi na hewa safi, wa mjini husifu zahanati iliyo karibu. Wote wana haki. Lakini je, hapa kambini tunaishi wapi?

Tazama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1996, na mwaka 2015 ilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Hiyo ni idadi ya mji, hata kama mchicha umeota mlangoni.

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijikuta Kagunga, kijiji kidogo kando ya Ziwa Tanganyika. Kijiji kikawa mji kwa siku chache, bila vyoo wala mabomba ya kutosha. Watu walikunywa maji ya ziwa, na wengine walijisaidia ufukweni. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 30. Ziwa lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni wingi wa watu.

Vijidudu vya kipindupindu hutoka na kinyesi, hata cha mtu asiyejisikia mgonjwa. Maji yanayong'aa yanaweza kuwa navyo. Kwa hiyo chota kwenye bomba, si mtoni. Ukitia dawa ya klorini, subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupe chooni; wengi hudhani hakina madhara, na hapo ndipo tunapokosea. Nawa kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni imekwisha.

Mgonjwa akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, usingoje asubuhi. Mpeleke zahanati mara moja, ukimnywesha njiani maji ya chumvichumvi ya pakiti. Huna pakiti? Changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Usizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.