Dondoo muhimu: Kufuli la pili la YouTube

Mchuuzi wa ndagala wa Nyanza-Lac akivuka hadi Kigoma na kuweka laini ya Tanzania, msimbo wa kuingia YouTube unaotumwa kwa SMS kwenye namba yake ya Burundi (+257) haumfikii. Anabaki nje ya akaunti yake.

Njia bora ni programu ya Google Authenticator. Hutoa tarakimu 6 mpya kila sekunde 30, hata pasipo mtandao. Huunganishwa kwenye mipangilio ya akaunti ya Google, ambayo ndiyo hufungua YouTube: usalama, kisha uthibitishaji wa hatua mbili.

Papo hapo zichukuliwe namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja tu. Ziandikwe kwenye daftari la nyumbani. Simu ikitumbukia ziwani, ndizo zitakazofungua akaunti.

Msimbo hapewi mtu yeyote, hata anayejiita wakala wa kampuni.