SOMO LA MWEZI HUU: MCHANGO WA CHAKULA CHA WATOTO

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita tulikubaliana ya kuwa msimu huu, karafuu zikishauzwa, tufanye siku ya mchango kwa ajili ya watoto wadogo wasiopata chakula cha kutosha. Nami nimeagizwa niandike somo la kusomwa katika kila tawi kabla ya siku hiyo. Nimelipokea agizo kwa furaha, na kwa hofu kidogo pia, maana mchango wa namna hii niliwahi kuushikia daftari, nao ukaniharibikia mkononi.

Ilikuwa hivi. Tulikodi mahema na vipaza sauti, tukapika pilau ya wageni, na watu wakatoa kwa moyo mweupe. Usiku tulipokaa kuhesabu, tukaona gharama za shughuli zimekula karibu fedha zote. Kilichobaki kilinunua unga kidogo, tukawagawia waliokuwepo. Hapana aliyeiba hata senti moja. Lakini mwezi wa pili wake nilimwona yule yule mtoto aliyetutia huruma tangu mwanzo, na mkono wake ulikuwa mwembamba vile vile. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba tulikusanya kabla ya kujua tunakusanyia nini.

1. Njaa haikai penye ukame tu

Wako wanaosema, "Sisi visiwa vyetu ni vya kijani, njaa itatoka wapi?" Basi na tutazame mbali kidogo, kata ya Lupepo, pande za Tukuyu, wilaya ya Rungwe katika mkoa wa Mbeya. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi kama Pemba. Kuna migomba, chai, viazi, maharage na ng'ombe wa maziwa. Mikoa ile ya nyanda za juu kusini ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya nchi. Hata hivyo, katika upimaji wa mwaka 2022, Iringa, iliyo nyanda hizo hizo, ilikutwa na watoto 57 hivi katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wakiwa wafupi kuliko umri wao, yaani wamedumaa. Kwa Tanzania nzima walikuwa 30 katika 100.

Sababu yake ni nini? Tumbo la mtoto ni dogo. Ndizi au uji mtupu humshibisha upesi wala haumjengi mwili. Maziwa na maharage yakiuzwa yote, yeye hubaki na wanga peke yake. Mama akishinda shambani, mtoto hula mara mbili kwa siku badala ya mara nne au tano. Tena kuhara na homa humpokonya hata kile kidogo alichokula. Na hasara kubwa huingia katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, kabla mtoto hajaiona skuli.

2. Iringa walianza na mizani

Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianza kazi ya lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito hadharani, na hesabu ikasomwa mbele ya wakuu wa kijiji. Wao wenyewe wakaulizana: huyu amepungua kwa nini? Mahali pengine jibu lilikuwa kwamba mama yuko shambani mchana kutwa, basi kijiji kikaweka mahali pa kulishia watoto. Kutoka mwaka 1984 mpaka 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka 56 katika 100 mpaka 38, na wale waliokuwa katika hali mbaya kabisa kutoka 6 mpaka 2 hivi.

Siku hizi vijiji vya Bara vimewekewa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila miezi mitatu. Watoto hupimwa na akina mama huonyeshwa mapishi. Siku kama hiyo ndiyo siku njema ya kuchangisha, kwa sababu haja na mkono wa kutoa hukutana mahali pamoja.

3. Namna ya kuitengeneza siku yetu

Kwanza, tupime kabla ya kukusanya. Tumwombe mhudumu wa afya aje na mizani na utepe wa mkono. Mtoto wa miezi sita mpaka miaka mitano ambaye utepe wake ni chini ya sentimita 11.5 yumo hatarini. Huyo hangojei uji wetu, apelekwe hospitali siku ile ile, na nauli itoke katika mchango. Wa kati ya 11.5 na 12.5 amekonda, lazima aangaliwe. Lakini asisimamishwe mtoto mbele ya watu aonyeshwe mbavu. Watu wasomewe hesabu, majina yasitiriwe.

Pili, tupige hesabu ya haja. Tuseme watoto ni 40, na kila mmoja apate gramu 100 za unga wa lishe kwa siku. Hizo ni kilo 4 kwa siku, na kwa siku 90 ni kilo 360. Mtu akiambiwa "tunataka kilo 360" hutoa kwa kipimo. Akiambiwa "saidieni watoto" hutoa kwa haya.

Tatu, kila mtu atoe alichonacho. Mwenye fedha atoe fedha, mwenye kunde alete pishi, mvuvi alete dagaa. Asiye na kitu atoe siku yake moja ya kuwalinda na kuwalisha watoto wakati mama zao wamo katika uchumaji. Pengine hicho ndicho kitakachofaa kuliko vyote.

Nne, tukague kinachopokelewa. Sisi twajua kwamba karafuu iliyorundikwa mbichi huvunda. Mahindi na njugu ni hivyo hivyo, na kuvu yake ni sumu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua, na wengine wakafa, kwa sumukuvu ya mahindi. Chenye ukungu kisipokewe, hata kikitoka kwa mkubwa.

Tano, gharama za shughuli zilipwe na waandalizi, zisiguse mchango. Maji ya kunywa na kivuli cha mwembe vinatosha.

Sita, mali bila daftari hupotea bila habari. Waandike wawili, na hesabu ibandikwe pahali pa wazi kabla ya siku saba kupita.

Saba, baada ya miezi mitatu tuwapime tena watoto wale wale. Mizani ndiyo itakayotuambia kama tulifanya kazi au tulifanya sherehe.

Maswali ya kujadiliana katika matawi

1. Katika shehia yenu, watoto wa chini ya miaka miwili hula mara ngapi kwa siku wakati wa uchumaji, na nani huwalisha?
2. Ni chakula gani chenye kujenga mwili tunakiuza chote bila kumbakishia mtoto?
3. Nani watakuwa waandishi wawili wa daftari?

Majibu yaletwe kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Mimi daftari langu la zamani ninalo bado, na nitalileta mlione.

Wenu katika kazi,
Katibu